Rula Iliyokataa Kupinda Maji

Ijumaa, mwezi wa tatu. Mvua imeanza alfajiri, imekata saa tisa, sasa naisikia inarudi kutoka upande wa mtoni.

Shajara, leo nina furaha ya kijinga. Ile ya mtu anayetabasamu peke yake mpaka jirani anamwuliza kama ameshinda bahati nasibu. Nimekaa barazani, kompyuta mapajani, miguu nimeipandisha kwenye kigoda kwa sababu sakafu imelowa. Ifakara ya mwezi huu hakuna kitu kikavu. Shuka niliyoianika Jumanne bado inanuka uvundo, na kiberiti unakwaruza njiti tatu ndipo moja ikuonee huruma.

Ngoja niandike mambo ya wiki hii kabla hayajapoa.

Nusura nimpoteze Kabula.

Kwa mnaosoma ukurasa wangu huu wa mtandaoni kwa mara ya kwanza: Kabula ni wifi yangu, kitinda mimba wa kwao, mdogo wa mume wangu Masanja. Ni Wasukuma wa upande wa Lupiro, wazazi wao walihamia huku na ng'ombe kabla yeye hajazaliwa. Mimi ni Mpogoro, mtoto wa Mahenge, nimelelewa na masista na kengele ya misa ya kwanza. Nafundisha Kemia sekondari hapa mjini. Mwaka jana Kabula alipopangiwa kidato cha tano shuleni kwetu, mchepuo wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, mama mkwe alimleta mwenyewe. Alikuja na kuku wawili na maziwa ya mgando, akala, akapumzika, na wakati wa kuondoka akanishika mkono akasema, "Otilia, huyu sasa ni wako."

Nikampenda yule binti kwa haraka ambayo sikuitegemea. Nyumbani ananiita wifi, ananiiga ninavyotembea, anagombana na kaka yake juu ya nani amemaliza sukari. Shuleni ananiita Madam na macho anayaweka chini. Huo utaratibu tuliuona ni mzuri, kila mahali na adabu zake.

Ila mimi nilikuwa na hofu moja tangu siku ya kwanza, na hapa nitaisema wazi. Niliogopa watu waseme Madam anambeba wifi yake. Basi nikajitungia sheria. Darasani, kama kuna mkono mwingine umenyooshwa, Kabula simwiti. Nyumbani, Kemia hairuhusiwi kuvuka kizingiti. Karatasi yake nikisahihisha, naipitia mara mbili nikitafuta makosa. Mchelea mwana kulia hulia yeye, ndivyo nilivyojiambia, na nikajiona mwalimu mwenye haki kuliko wote mkoani.

Jaribio la mwezi uliopita alipata alama za chini kabisa kuwahi kupata. Maswali mawili ya mwisho hakuyagusa, ameacha karatasi nyeupe. Niliumia. Sikumwuliza, maana sheria yangu ilikuwa inasema Kemia haivuki kizingiti. Tangu hapo naye akapungua nyumbani. Anapika, anafua, anasalimia vizuri sana. Alikuwa ananisalimia vizuri mno, kama mgeni.

Sasa njoo Jumatano.

Tuliendelea na mada niipendayo kuliko zote: molekuli zenye ncha. Kwamba maji, haya tunayoyakanyaga na kuyalaani, kila molekuli yake ina upande wenye uhasi kidogo na upande wenye uchanya kidogo. Oksijeni inavutia elektroni kwake kuliko haidrojeni, inawanyima wenzake shuka. Na kwa kuwa molekuli imepinda, huo upendeleo haujifuti. Ndiyo maana molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe, na hushika karibu kila kitu kingine.

Kuna jaribio la kuonyesha hilo. Nililiona chuoni Dodoma, mwaka wangu wa kwanza. Unachukua kitana cha plastiki, unakisugua kwenye nywele, unakisogeza karibu na uzi mwembamba wa maji ya bomba, na maji yanapinda kukifuata kitana. Wakati ule nilikuwa na nywele zangu mwenyewe, nyingi, na hewa ya Dodoma unaijua, midomo inapasuka. Maji yalipinda nikapiga kelele ukumbini. Huwa namwambia Masanja kwamba alinikuta nimeshaolewa na Kemia, yeye ni mume wa pili.

Basi Jumatano nikaingia maabara na rula ya plastiki na mbwembwe zote. Maji nimeyaweka kwenye bureti, ule mrija wa kioo wenye koki, yanashuka kwa uzi mwembamba mzuri. Nikawaambia tazameni.

Tatizo la kwanza, nywele. Mimi nimesuka rasta. Wanafunzi wote vichwa vimenyolewa, ndiyo kanuni ya shule. Nikasugua rula kwenye rasta, hakuna kitu. Baraka, kijana wa mbele ambaye mdomo wake haulali, akakumbuka sweta lake la sare. Akakimbia bwenini, akalitoa chini ya tranka, halijavaliwa tangu alipofika, nani avae sweta Ifakara. Lilikuwa na ukungu wa kijani begani. Nikasugua rula kwenye sweta mpaka mkono ukauma.

Maji yakashuka wima.

Nikasugua tena. Wima. Mtu wa nyuma akasema, "Madam, maji ya huku hayana adabu," na darasa likaangua kicheko. Nilicheka nao, lakini jasho lilikuwa linanitoka mgongoni. Nikauliza nani anaweza kueleza kwa nini jaribio limegoma.

Mkono mmoja ulinyooka. Wa Kabula.

Niliuona. Nikauruka, nikamwita Baraka ambaye hata hakunyoosha, akasema rula ni feki. Kengele ikalia. Nikawaaga kwa maneno ambayo bado yananichoma, eti niaminini, huwa yanapinda. Mwalimu wa sayansi anawaambia watoto waamini kitu ambacho wamekiona kwa macho yao hakijatokea.

Jana asubuhi, Alhamisi, Mwalimu Denis akanisimamisha mlangoni mwa ofisi ya walimu. Yeye ndiye mwalimu wa taaluma, anashughulikia michepuo. Aliniuliza kama kweli tumekubaliana nyumbani kwamba Kabula ahamie HGL, Historia, Jiografia na Kiingereza. Ameshaleta ombi lake, na mkuu wa shule amesema mwisho wa kubadili ni Ijumaa, baada ya hapo asimwone mtu ofisini kwake.

Nikamjibu, ndiyo, najua.

Nilikuwa sijui lolote.

Nilikwenda kukaa maabara peke yangu. Usinielewe vibaya, shajara, sina ugomvi na Historia. Nilichoumia ni kwamba amekwenda kwa Denis, hakuja kwangu, na tunakula sahani moja. Halafu namjua huyu mtoto. Huyu ndiye aliyekuwa akikaanga samaki ananiuliza kwa nini tone la maji likiingia kwenye mafuta ya moto linaruka kwa hasira, na mimi namjibu, wifi, tupo nyumbani. Nilijiuliza nitamwambia nini mama mkwe. Kwamba ulinipa binti anayependa sayansi nikamchosha?

Jioni niliingia jikoni kwetu, kile kibanda cha nyuma, nikiwa nimeandaa hotuba kamili. Kabula alikuwa mbele ya jiko la mkaa anaunga maharage. Nikachukua kisu nikakaa kukata vitunguu vya kachumbari. Hotuba ikapotea yote. Nikajikuta namwuliza kitu kingine kabisa, Jumatano darasani alinyoosha mkono, alitaka kusema nini.

Akakoroga sufuria muda mrefu.

"Wifi, rula ilikuwa imelowa."

Nikamwambia niliifuta, ilikuwa kavu. Akasema ilikuwa kavu kwa macho tu. Chumvi yetu iko kwenye kopo lenye kifuniko na bado inatoa maji, rula iliyokaa mezani itabakije kavu? Halafu akanieleza, bado kanipa mgongo, taratibu. Kwamba hewa ya huku mwezi huu imejaa mvuke. Molekuli za maji zinatua juu ya plastiki, zinatanda ngozi nyembamba isiyoonekana, na kila chaji ninayoisugua inatorokea humo. Sweta nalo hivyo hivyo. Na maji yanang'ang'ania rula na sweta kwa sababu yana ncha.

Nikaacha kukata.

Yaani ile tabia niliyotaka kuionyesha ndiyo iliyoniharibia maonyesho. Jaribio la Dodoma nimelihamishia Ifakara bila kuliuliza kama limezoea hewa ya huku. Na mimi mzaliwa wa milima hiyo hapo, ambaye kila masika naweka mchele kwenye chumvi! Nilicheka mpaka Kabula akageuka kuniangalia, na nikaona naye mdomo unamcheza.

Akauliza, kwa sauti ya chini, kama tunaweza kujaribu. Jiko lipo.

Akatoa rula kwenye begi lake, akaishika juu ya joto. Ikaanza kulegea pembeni, tukaiokoa. Chupa ya maji akaitoboa kwa pini, akaining'iniza kwenye mlango wa kibanda, uzi mwembamba ukatoka. Kilichobaki ni nywele. Wakati huohuo Masanja akaingia kutoka mashineni. Mume wangu ni fundi wa mashine za kukoboa mpunga, na ana kichwa cha nywele ambacho nimekisihi kikanyolewe tangu Krismasi.

Tukatazamana, mimi na wifi yangu.

Alikalishwa karibu na jiko. Aliuliza kuna nini, akaambiwa akaushe nywele kwanza. Alilalamika kwamba amekuja kula, hakuja kuwa kifaa cha maabara, lakini aliinama, maana hakuna mtu anayemtii kama anavyomtii huyu mdogo wake. Kabula akaisugua rula kichwani kwa kaka yake haraka haraka kama anayesugua sufuria, akaisogeza kwenye maji.

Yakapinda.

Si sana. Upana wa kidole, pengine. Lakini yaliacha njia yake yakaifuata rula, na mimi nilipiga yowe mpaka mama wa jirani akauliza ukutani kama ni nyoka. Kabula alikuwa anaruka. Masanja akanyang'anya rula, akajisugua mwenyewe, akajaribu, yakapinda tena, na akataka kujua kama petroli nayo ingepinda.

Kabula akamwambia asitarajie makubwa. Akachukua nyanya na punje mbili za kitunguu saumu, akazichomeka kwa njiti upande mmoja kama masikio, akamwambia haya ni maji. Akachukua nyanya nyingine, punje akazichomeka huku na huku, zimenyooka, akamwambia hii ni ile hewa tunayoitoa puani, na hapa wavutaji wawili wana nguvu sawa, kila mmoja anavuta kwake, kamba haiendi popote. Petroli nayo haina upande wa kujidai. Halafu akaendelea bila kuulizwa. Kwamba kwa sababu molekuli za maji zinashikana hivi, chanya ya huyu kwa hasi ya yule, yanachelewa kuchemka, inabidi moto uziachanishe kwanza. Wakati kuna gesi nyingine, ile inayonuka kama mayai viza, molekuli zake ni nzito kuliko za maji lakini hazishikani kwa nguvu namna hiyo, na ndiyo maana hapa jikoni ingekuwa imesharuka zamani.

Alieleza vizuri kuliko ninavyoeleza mimi. Na nikatambua ninachokisikia.

Nikamwambia, "Kabula, hilo la kuchemka ni moja ya maswali uliyoyaacha wazi."

Aliiweka nyanya chini. Masanja ana akili yake, alisema anakwenda kuiangalia pikipiki, ingawa pikipiki ilikuwa mbele yetu.

"Majibu nilikuwa nayo, wifi," akasema. "Niliyaacha makusudi."

Ikatoka yote, vipande vipande. Kwamba kabla ya lile jaribio la mwezi uliopita wenzake walikuwa wanamtania, kwamba kwao maswali ni mboga, yanapakuliwa mezani. Baraka hasa, na wengine wakicheka. Akaona akiongoza darasa watasema nimempa karatasi. Jina langu ndilo litakalochafuka, na mama yake alimwambia siku ile ya kuku na maziwa asije akaniletea aibu. Basi akajishusha. Alipima ni maswali mangapi ya kuacha ili asionekane. Na HGL ni kwa sababu huko mimi sifundishi, ataweza kufaulu kwa uhuru.

Niliinamia vitunguu nikalia. Bahati yangu angalau nilikuwa na kisingizio.

Nilimpenda jana kuliko siku zote, na nilijikasirikia pia. Huku namkwepa ili wasiseme nambeba. Kule anajiangusha ili wasiseme nimembeba. Kila mmoja anamlinda mwenzake kwa kumkimbia, na hao tunaowaogopa wanalala usingizi wao vizuri kabisa.

Nilimwambia mambo mawili. Kwamba nitamwomba mwalimu mwenzangu wa kidato cha sita atunge na kusahihisha mitihani ya darasa lao, mimi nitasahihisha ya kwake. Na kwamba mkono wake nitauona kama ninavyoiona mingine. Lakini uamuzi ni wake, na kama roho yake iko HGL kweli, nitamtafutia atlasi mimi mwenyewe.

Akasema ramani hazipendi.

Zaidi ya hapo hakuahidi kitu. Alionja maharage, akaongeza chumvi, akasema ataona kesho.

Kesho yenyewe ndiyo leo. Nilimwona mkuu wa shule mapema kuhusu mitihani, akakubali, akashangaa kwa nini sikusema tangu mwanzo. Halafu nikaingia maabara na jiko la mkaa, nililolibeba kwenye bodaboda. Mlinzi wa getini aliuliza kama leo nakaanga chapati. Sweta la Baraka tukalikausha, rula tukaipasha joto, maji yakapinda, darasa zima likasimama kwenye viti. Nikawauliza kazi ya jiko ni nini, wakabishana wakalipata wenyewe. Kabula hakunyoosha mkono. Sikujua kama amekaa pale kama mwanafunzi wangu au kama mtu anayeaga.

Nikaandika swali ubaoni. Kaboni tetrakloraidi: kaboni moja katikati, klorini nne zimeizunguka, kila klorini inavuta elektroni kwake. Je, molekuli hiyo ina ncha?

Mikono mitatu ikanyooka, mmoja ni wa Kabula.

"Kabula."

Sikumbuki lini mara ya mwisho nilitamka jina hilo ndani ya chumba kile. Akasimama, na kwa sauti ya nyumbani, ile ya kugombania sukari, akasema ndiyo Madam, ina ncha, tena kali, kwa sababu mvutano mmoja tu unatosha na hapa ipo minne.

Akakosea, kwa pupa akaisahau kamba yake ya jana jikoni.

Darasa lote likanitazama mimi, wala si yeye. Nilihisi mdomo unataka kumsaidia, kulainisha, kusema umekaribia. Nikaufunga.

Nikasema, "Hapana. Si sahihi. Kaa, chora umbo lake, kisha tuambie tena."

Baraka akageuka na kiti chake. "Kumbe hata wewe hujui!" akasema, na hakukuwa na ubaya katika sauti yake, alikuwa ameshangaa kweli. Wakacheka. Na aliyecheka kuliko wote ni Kabula mwenyewe, amejifunika uso kwa daftari, mabega yanatikisika. Mtu aliyepewa majibu nyumbani hakosei hivyo, na kila mmoja mle ndani alilielewa hilo bila kuambiwa.

Wakati wa mapumziko Mwalimu Denis alinifuata na ombi lake mkononi, anataka kujua aandike nini. Nikamwambia amwulize mwenyewe. Tukasogea dirishani. Kabula alikuwa barazani na ndimu aliyoichomeka vijiti vinne, kila kijiti na upande wake, amemzuia Baraka asiondoke. Anamwonyesha kwamba ukivuta sawasawa pande zote nne ndimu haisogei, na ndiyo maana ncha hakuna, na kwamba yeye alikosea lakini Baraka hata mkono hakunyoosha. Baraka anabisha, anageuza ndimu, anatafuta upande wenye nguvu zaidi.

Denis alisikiliza kidogo, akasema huyu watu wa Jiografia wangemrudisha ndani ya wiki. Akaenda kumwuliza. Niliona Kabula anatikisa kichwa kukataa kuhama, halafu anarudi kwenye ndimu yake kabla Denis hajamaliza kuikunja karatasi.

Nimefundisha miaka yote hii nikifurahia majibu sahihi. Leo nimerudi nyumbani na jibu lililokosewa, na nimemsimulia Masanja mara mbili tayari. Jumatatu nitamwita tena, na akikosea tena nitamwambia hapana mbele ya wote, bila sauti kunitetemeka.

Kuizuia sauti isitetemeke, hilo ndilo sijui kama nitaliweza. Mtoto wa watu nampenda mno.